Shaba Iliyozikwa: Beji za Sare Zifukuliwazo na Swali la Wenyewe

Tangu mashine za kutambua madini, zile ambazo wachimbaji wadogo huziita detekta, zienee mikononi mwa watu, ardhi ya Afrika Mashariki imekuwa ikirudisha amana ambazo hakuna aliyedhani kuwa inazo. Mtu hutoka alfajiri kwa nia ya kutafuta dhahabu, mashine ikamlilia sikioni, akachimba kwa moyo wa matumaini, na kile anachokitoa udongoni kikawa kipande cha shaba ya manjano kilichovaa kutu ya kijani, chenye sura ya taji, au ya ndege aliyekunjua mbawa, au ya pembe ya tarumbeta, au herufi mbili tatu zilizofutika nusu. Hapo ndipo matatizo huanza. Mmoja husema kuwa hiyo ni nishani ya Mjerumani, na kwamba palipo nishani hapakosi sanduku la hazina; mwingine hushikilia kuwa ni beji ya polisi wa ukoloni isiyo na maana yoyote; dalali huitaka papo hapo kwa fedha kidogo, naye akiondoka hunong'ona kwamba thamani yake haisemeki; na mzee wa mtaa huonya kuwa kitu cha vita kikikaa nyumbani huvuta balaa.

Rai hizi zote zina asili yake, wala hakuna hata moja iliyozuka bure. Kosa lao ni kwamba kila moja hutaka kutoa hukumu kabla ya shahidi kuhojiwa. Beji ni shahidi mwenye maneno machache sana, ambaye husema kweli juu ya jambo moja na kunyamaza juu ya mengine kumi, na anayetaka kumwelewa hana budi ajue kwanza ni lipi alilolijua na ni lipi ambalo hakupata kuliona.

Kwa nini ardhi hii imejaa shaba

Sababu iliyo wazi zaidi ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918 nchi ambazo leo ni Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda, Msumbiji, Malawi na Zambia zilipitiwa na majeshi ya mataifa ambayo wenyeji wa nchi hizo walikuwa hawajapata kuyasikia hata kwa jina. Jeshi lililoshuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 lilikuwa na Waingereza wa Loyal North Lancashire na vikosi vya Bara Hindi kama Kashmir Rifles na 63rd Palamcottah Light Infantry. Katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta, walioanguka tarehe 12 Februari 1916 walikuwa hasa vijana kutoka Afrika Kusini. Walikuja pia watu wa Nigeria na wa Gold Coast. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Wareno walikuwa kusini ya mto Ruvuma. Na kupita katika yote hayo walikuwapo askari wa King's African Rifles, ambao raia waliwaita kwa jina moja fupi, Keya. Kila kikosi kilikuja na alama zake kofiani, kolani, begani na kifuani, na kila mwendo wa miguu uliacha vifungo vilivyokatika uzi.

Walakini vita vilidumu miaka minne, na utumishi wa kikoloni ulidumu zaidi ya sitini. Hili husahauliwa. Polisi, askari jela, maofisa wa forodha, watu wa posta, matarishi wa ofisi za serikali, na makarani na mabwana stesheni wa reli wote walivaa vifungo vya shaba vyenye nembo, nao walikuwa wengi, wakakaa mahali pamoja muda mrefu, wakapoteza vitu vyao kama kila mtu apotezavyo. Baadaye vikaja Vita vya Pili vya Dunia, vilivyoleta Kenya maelfu ya mateka wa Kitaliano, na vikaleta Tengeru karibu na Arusha wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, kila mmoja na kumbukumbu ndogo ya nchi yake mfukoni.

Iko sababu nyingine, nayo imo katika tabia ya madini yenyewe. Chuma huliwa na kutu kikaisha, nguo, ngozi na mti huliwa na mchwa, shaba hubaki. Isitoshe, wengi wa wachimbaji huitega mashine ipuuze chuma ili wasisumbuliwe na misumari, na kwa hiyo kila kinachowafikia mkononi kimekwisha kuchujwa mara mbili, mara ya kwanza na udongo na mara ya pili na mashine. Picha tunayoipata ya watu wa kale ni picha ya wale waliovaa shaba. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa uzito wake ni mkubwa.

Dafina ya Mjerumani

Haifai kuwacheka wanaoamini kuwa Wajerumani walizika mali, maana imani hiyo ina mzizi wa kweli. Mwaka 1916, baada ya njia za bahari kufungwa na fedha kuadimika, serikali ya Kijerumani ilipiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora, nazo zina herufi T kuonyesha mahali zilipotengenezwa. Miongoni mwake ilikuwapo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja na tembo mbele ya mlima upande wa pili, na dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Tena zilikuwapo heller za 5 na 20 zilizopigwa kwa shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilikuwa maganda ya risasi na ya mizinga yaliyoyeyushwa. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Mjerumani alikuwa na dhahabu Tabora asema kweli, na asemaye kwamba shaba ya vita iligeuzwa kuwa fedha asema kweli vilevile.

Mpaka huo ndio mwisho wa ukweli na mwanzo wa ndoto. Heller 20 ya shaba ina taji, mwaka, na herufi D.O.A., ambazo ni kifupi cha jina la Kijerumani la koloni hilo, na ikiwa imeliwa na udongo huweza kudhaniwa kuwa beji. Beji nayo, ikisuguliwa ikang'aa, hudhaniwa kuwa dhahabu. Kutenganisha hivi hakuhitaji mganga wala dalali: ujazo ule ule wa dhahabu huwa na uzito mara mbili na zaidi ya ule wa shaba ya manjano, kwani dhahabu safi ni takriban mara 19 ya uzito wa maji, ilhali shaba ya manjano ni mara 8 na nusu tu. Mizani ndogo ya sonara na gilasi ya maji hutosha. Ama dhana kwamba beji ni ramani ya sanduku lililozikwa karibu, dhana hiyo imewapa watu kazi ya kuchimba mashimo marefu na imewanufaisha matapeli peke yao. Askari alipoteza kifungo kwa sababu alikimbia, au aliugua, au alifua nguo mtoni. Hakukiacha kwa kuweka alama.

Rai ya kwanza: mahali ndipo pasemapo

Kundi la kwanza la watambuzi huhukumu kwa mahali. Kilichookotwa Tabora ni cha Mjerumani au Mbelgiji. Kilichookotwa Maktau, palipokuwa na kambi kubwa ya Waingereza kwenye reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi mwaka 1915, ni cha Mwingereza na wenziwe. Nguvu ya rai hii ni kwamba hupunguza orodha. Vikosi vilivyopita mahali fulani vinajulikana, na asiyepita hakuangusha kitu, kwa hiyo mtu ajuaye historia ya kilima chake huokoa muda mwingi wa kupekua picha.

Udhaifu wake ni kwamba vita vile vilikuwa vya kuhamahama na vya kunyang'anyana, kiasi kwamba vazi na mvaaji hawakukaa pamoja kwa uaminifu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915; mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa hadi bara, na mabaharia wakafuatana nayo kupigana nchi kavu. Kifungo chenye nanga chaweza basi kutoka udongoni Kondoa, mamia ya kilomita kutoka baharini, na asiyejua habari hii atakikana kwa macho yake mwenyewe. Vivyo hivyo tarehe 25 Novemba 1917, majeshi ya Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, yalipovuka Ruvuma, yaliishinda ngome ya Wareno ya Ngomano, yakajitwalia bunduki, risasi, chakula na nguo. Kwa hiyo mwaka mzima uliofuata, hata waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, askari wa Kijerumani walikuwa wakitembea na vitu vya Kireno. Na kwa upande wa pili, kikosi cha sita cha Keya kiliundwa upya mwaka 1917 kwa kuwaandikisha watu ambao walikuwa askari wa Wajerumani wakatekwa. Mtu yule yule, kwa miguu ile ile, alivaa tai wa Wajerumani akavaa pembe ya Keya. Mahali hutuambia kilichowezekana, hapatuambii kilichotokea.

Rai ya pili: nembo ndiyo isemayo

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa na lenye kelele, husoma nembo. Hawa wana haki ya kusikilizwa kwa kirefu, kwa sababu nembo ilitengenezwa makusudi isomwe.

Tuanze na taji, ambalo wengi hulitegemea kana kwamba ni kalenda. Beji za Kiingereza zilibadili taji kwa kubadilika enzi: tangu 1901, alipofariki Malkia Victoria, likatumika lile liitwalo taji la Tudor, ambalo matao yake hupanda na kuviringa kama kuba; na kuanzia 1953, alipotawazwa Malkia Elizabeth, likaja taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake hubonyea katikati. Tofauti hii huonekana hata kwenye kifungo kilichochakaa, na ni faida kubwa kwa anayetaka kutenga kitu cha miaka ya mwisho ya ukoloni na kilichotangulia. Lakini tazama upana wake: taji la Tudor lilitawala miaka hamsini na zaidi, vikaingia humo vita vyote viwili, reli, mandati ya Tanganyika, na mgogoro wa Mau Mau ulipoanza. Kumwambia mtu kwamba beji yake ni ya kati ya 1901 na 1953 ni kumwambia kwamba babu yake alizaliwa kabla ya baba yake. Juu ya hayo, vifungo havikutupwa siku mfalme alipokufa. Ghala lilitoa vilivyokuwamo mpaka vikaisha.

Tai huwakosesha watu zaidi. Aonaye tai husema Mjerumani, na mara nyingi hupatia. Tai wa dola ya Kijerumani ana ngao kifuani, na taji lake huelea juu ya kichwa likiwa na tepe mbili zinazopepea. Tai wa Kipoland amevaa taji kichwani penyewe, wala hana ngao kifuani. Kwa mtu aokotaye beji ndogo kwenye miteremko ya Meru, kandokando ya Tengeru, tofauti hiyo ndiyo itenganishayo mwaka 1914 na miaka ya 1940, ndiyo itenganishayo askari aliyekuja kutawala na mama aliyefika amebeba watoto baada ya kupita Urusi na Uajemi. Na kuna jambo la madini: alama za kofia za askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni, zilikuwa aghalabu za madini meupe, hivyo tai wa shaba ya manjano hudai uchunguzi wa pili kabla hajapachikwa jina.

Pembe ya tarumbeta ndiyo nembo iliyo karibu na mioyo ya watu wetu, kwa kuwa ilikuwa alama ya Keya, pamoja na namba ya kikosi. Keya iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwapo Nyasaland, Uganda na eneo ambalo leo ni Kenya, na namba yake husema mengi: 3 kilikuwa cha Kenya, 4 cha Uganda, 1 na 2 vya Nyasaland, 6 cha Tanganyika baada ya 1917, na 7, kilichoishi muda mfupi, cha Unguja. Illa pembe hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Ilikuwa alama ya kale ya askari wepesi wa miguu katika jeshi lote la Kiingereza, na vikosi kadhaa vya Uingereza na Bara Hindi vilikuwa nayo. Pembe isiyo na namba wala herufi K.A.R. haiwezi kupewa Keya kwa sababu tu imeokotwa Afrika na kwa sababu twapenda iwe yake.

Wanyama ni wepesi kidogo. Twiga ni Tanganyika chini ya Waingereza. Korongo taji ni Uganda. Simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma hupatikana katika alama za Kenya, walakini simba ni mnyama wa mataifa mengi. Kichwa cha swala mwenye pembe zilizopinda ni Afrika Kusini. Mchikichi ni jeshi la Afrika Magharibi. Asomaye wanyama hawa hana budi akumbuke kuwa nembo ya nchi ilivaliwa na idara nyingi: twiga alikaa kofiani mwa polisi wala hakukataa kukaa mahali pengine pa serikali.

Herufi, mwishoni, ni ushahidi bora na mtego mbaya kwa wakati mmoja. E.A.P. ni jina la Kenya kabla ya kuitwa koloni mwaka 1920, na kwa hiyo kitu chenye herufi hizo kilitengenezwa kabla ya hapo au karibu yake. U.R. ni reli ya Uganda, K.U.R. ni reli ile ile ilipobadili jina katika miaka ya 1920, E.A.R. & H. ni reli na bandari za Afrika Mashariki zilizounganishwa mwaka 1948. Hapa mtu hupata miaka, na hupata hata kazi ya mvaaji. Ajabu ni kwamba hivi ndivyo vitu vinavyodharauliwa kuliko vyote, kwa kuwa mokotaji alitamani jenerali akapata bwana stesheni. Lakini bwana stesheni wa Voi au Kilosa, katika kifungo chake cha shaba, ni sehemu ya historia ya nchi hizi sawa na jenerali yeyote, na pengine zaidi, kwani jenerali alipita na stesheni ikabaki.

Rai ya tatu: mgongo wa beji

Watu wa rai ya tatu ni wachache, nao hufanya jambo ambalo wengine hulisahau: hugeuza kitu wakatazama nyuma. Nyuma ya vifungo vingi pameandikwa jina la mtengenezaji, kama Firmin wa London au J. R. Gaunt wa Birmingham, na mtindo wa kushikiza huonyesha kipindi. Beji za kofia za Kiingereza zilishikizwa zamani kwa vipete viwili vinavyopitishwa pini. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ukaanza kutumika ulimi mrefu wa madini unaochomekwa kofiani. Mwaka 1916, ili kuokoa madini meupe kwa ajili ya vita, beji zilizokuwa za madini mawili zikapigwa kwa shaba tupu. Na kuanzia miaka ya 1950 alumini iliyopakwa rangi ya dhahabu ikaiondoa shaba polepole, jambo ambalo mokotaji hulijua kwa wepesi wa kitu kiganjani.

Faida ya mgongo ni kwamba haukutengenezwa kumpendeza mtu, basi hauna majivuno ya uso. Tena ndipo udanganyifu hufichuka: beji za bandia, ambazo soko la wakusanyaji wa nishani limezijaza duniani, aghalabu huwa na mgongo uliojaa matundu madogo ya kalibu ya udongo, ambapo beji halisi ilipigwa kwa muhuri wa chuma na mgongo wake hufuata uso kama kivuli. Kwa kitu kilichotoka ardhini mbele ya macho ya mtu khofu ya ubandia ni ndogo. Kwa kilichouzwa na dalali ni kubwa sana.

Udhaifu ni mmoja, nao haupungui kwa kuzidi maarifa. Kila dalili ya mgongo hutoa mwanzo pasipo mwisho. Ulimi husema kwamba kitu hiki si cha kabla ya wakati fulani. Vipete havisemi kuwa si cha baada yake, kwa sababu viliendelea kutumika. Viwanda vile vile viliwatengenezea polisi, reli na jeshi kwa miongo mingi bila kubadili jina. Anayesoma mgongo peke yake hujua ni nani aliyeuza, hajui ni nani aliyenunua.

Limau, majivu na brashi

Swali la kusafisha hugawanya watu kwa ukali kuliko swali la asili. Katika pwani yetu shaba husuguliwa kwa ndimu, ukwaju na majivu mpaka sinia linang'aa kama jua, na mtu aliyelelewa hivyo huona aibu kumwonyesha mgeni kitu chenye kutu. Ndimu ikimwagwa juu ya beji ya miaka mia, hata hivyo, hula ile ngozi nyembamba ambayo madini yamejijengea, na pamoja nayo hula ncha za herufi. Pia huondoa dalili moja ambayo watambuzi hodari huithamini mno: beji iliyolainika usoni, mikunjo yake ikawa butu, ilisuguliwa kila asubuhi kwa miaka kabla ya kupotea, na hiyo ni dalili ya utumishi mrefu wa amani, wa gwaride na ukaguzi, ilhali beji iliyo kali kama imetoka kiwandani jana ilipotea upesi, na upesi huo mara nyingi huitwa vita. Aliyeisugua jana kwa majivu amechanganya mkono wake na mkono wa askari.

Wanaotaka kusafisha wana hoja moja ya haki, kwamba kutu nyingine ni ugonjwa. Unga wa kijani hafifu, laini, unaorudi kila unapofutwa, hasa kwa vitu vya udongo wa chumvi wa pwani, huendelea kuila shaba. Hapo inafaa kukiweka kitu pakavu na kumwendea mtu wa makumbusho. Kwa kawaida maji safi na brashi laini hutosha kusomea herufi.

Sheria na soko

Wengi hudhani kuwa sheria imekwisha kulisema neno lake. Ukweli ni kwamba imesema nusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa kabla ya 1863. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 imeuweka mpaka wake 1895. Kwa hiyo kifungo cha 1914 huangukia nje ya tarehe zote mbili, isipokuwa mahali kilipotoka pamehifadhiwa kwa namna nyingine au waziri ametoa tangazo. Kuchimba ndani ya hifadhi za taifa, ambazo zimemeza sehemu za uwanja wa vita, kumekatazwa kwa sababu yake yenyewe, na kombora lisilolipuka likionekana ni la kuachwa lilipo na kupigiwa polisi simu.

Katika pengo hilo ndimo soko lilimoingia. Watetezi wa soko hunena kwamba kijana wa Taveta hana mshahara wa kumlinda mfu wa Afrika Kusini, na kwamba kitu kikinunuliwa hutunzwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana utunzaji usio na faida kwa maskini huwa wa maneno. Wapinzani husema kuwa kitu kinapovuka mikono mitatu jina la kilima hupotea, na beji isiyo na kilima ni madini tu. Mimi naona kundi la pili lina haki katika jambo kuu, nalo la kwanza lina haki katika lawama: lau walinzi wa urithi wangempa mokotaji hata karatasi yenye jina lake na heshima ya kutajwa ukutani, madalali wengi wangekosa kazi.

Mizani

Tuseme basi kimeokotwa kifungo chenye nanga karibu na Kondoa. Mahali husema kuwa vita vilipita hapo mwaka 1916. Uso una taji juu ya nanga. Likiwa ni taji la dola ya Kijerumani, habari ya Königsberg hujitokeza yenyewe. Ikiwa ni taji la Tudor lililozungukwa na duara la kamba, hicho ni kifungo cha wanamaji wa Kiingereza, na yawezekana kilishonwa kwenye koti kuukuu lililouzwa mnadani miaka ishirini baada ya vita. Mgongo huongeza jina la kiwanda. Mpaka hapa tumepata idara na hatujapata siku wala mtu. Kinachokata shauri, aghalabu, ni vitu vilivyolala pamoja nacho: maganda ya risasi, ambayo kitako chake hupigwa alama ya kiwanda na mara nyingi mwaka, na yale ya Kijerumani huwa na mwezi pia. Ganda la 1915 lililolala kiganja kimoja kutoka kwenye kifungo, katika kina kile kile, ni hoja yenye nguvu kuliko vitabu viwili vya picha.

Na ushahidi huo ndio unaoangamizwa kwanza. Mchimbaji huchukua kifungo na kulitupa ganda, hapimi kina, hakumbuki upande. Rai tatu nilizozieleza hugombana kana kwamba moja itazishinda nyingine, ilhali kila moja hujibu swali lake: uso hujibu ni idara gani iliyotoa, mgongo hujibu ni kabla ya lini haikuwezekana, mahali na majirani wa kitu udongoni hujibu ni lini na kwa nini kikaanguka. Nazipanga kwa uzito nikiwatanguliza majirani, kisha uso, kisha mgongo, na mahali peke yake pasipo majirani napaweka mwisho. Mpango huu una gharama, kwani humtaka mtu atumie saa nzima na uzi, daftari na picha ya simu kwa kitu ambacho angekichomoa kwa dakika mbili, na katika saa hiyo huenda mwenziwe akapata dhahabu.

Limebaki lile nililoahidi kulirudia. Waliokufa zaidi katika vita vile hawakuwa wenye beji. Walikuwa wapagazi, mamia ya maelfu yao, waliobebeshwa unga na risasi kutoka pwani hadi Rufiji na Ruvuma, wakafa zaidi kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi, na hawakupewa nembo yoyote ya kofiani kwa kuwa wengi hawakuwa na kofia. Walichopewa ni kipande cha madini kilichopigwa namba. Jina la kikosi chao limesalia katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambazo ni Carrier Corps iliyotamkwa kwa ulimi wetu, na hali kipande chenyewe kikitoka udongoni, duara tupu lisilo na taji wala tai, dalali hakitaki na mokotaji hukirusha kichakani pamoja na vifuniko vya soda. Beji ya Keya ilivaliwa na maelfu waliofanana, na tai alipigwa muhuri mmoja kwa kikosi kizima. Namba ile ilipewa mtu mmoja tu. Hiyo ndiyo ya kuandikwa daftarini kwanza, pamoja na kina chake, kilima chake na upande ulikoelekea, kabla mkono haujaenda kwenye kifungo chenye kung'aa kilicholala kando yake.